Mjadala: F ya Hisabati ya kidato cha nne imfuate mtu mpaka lini?

Mleta mada

Wakuu, mimi ni mwalimu wa Hisabati katika sekondari ya kata. Ninaleta hoja ambayo walimu wenzangu wa somo hili huenda wasiipende. Matokeo ya kidato cha nne yamepewa nguvu kupita kiasi katika udahili wa vyuo vikuu vyetu, na nasema yaache kuhesabiwa pale mtu anapoleta ushahidi mpya zaidi wa uwezo wake.

Wengi tunadhani mlango wa chuo kikuu ni kidato cha sita. Angalieni kanuni za TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu. Kima cha chini ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi (mchepuo wa masomo ya kidato cha tano na sita) yenye jumla ya pointi 4, kwa hesabu ya A 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Yaani D mbili zinatosha. Hata shahada ya udaktari wa binadamu, kima cha chini ni D katika Fizikia, Kemia na Biolojia. (Wazazi, msichanganye na pointi za NECTA, baraza la mitihani, za kupanga daraja, ambako ndogo ndiyo nzuri na 3 ndiyo bora kuliko zote.) Kinachopandisha kiwango ni ushindani: nafasi chache, waombaji wengi, chuo kinaanza kuchukua kutoka juu.

Ila aliyefika kidato cha sita amekwisha kuvuka chujio lenyewe. Chujio ni kidato cha nne. Hapo ndipo krediti, yaani C kwenda juu, zinapoamua kama utakwenda kidato cha tano, na kwa tahasusi ipi. Mtoto mwenye C za Historia, Kiswahili na Jiografia na F za sayansi hatapangiwa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) wala PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati). Kwa hiyo udaktari, famasia na uhandisi vimefungwa akiwa na miaka kumi na sita au kumi na saba, kwa mtihani ulioandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kama alitoka shule ya msingi ya kawaida ndiyo kwanza alianza kufundishiwa masomo karibu yote miaka minne nyuma. Na kuna shule zetu za kata ambako darasa zima limepita kidato cha pili na cha tatu bila mwalimu wa Fizikia. Hilo halionekani kwenye cheti. Kinachoonekana ni F.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Mchukueni tabibu aliyesoma stashahada ya utabibu akamaliza na GPA, yaani wastani wa ufaulu wake chuoni, ya 4. Ametumika kituo cha afya cha wilayani, ameona wagonjwa wa kila aina, usiku na mchana. Anataka kusoma udaktari. TCU wanataka GPA ya 3.0, anayo. Halafu wanataka D ya kidato cha nne katika Kemia, Biolojia, Fizikia, Kiingereza na Hisabati. Ana F ya Hisabati. Safari imeishia hapo. Zamani angeweza kupanda kuwa daktari msaidizi, ila ngazi hiyo nayo imeondolewa.

Mimi ninayefundisha somo lenyewe nawaambia hiyo D ni nini. D ya NECTA inaanzia alama 30 kati ya 100. Mwenye 30 anapita, mwenye 29 ana F. Nimesahihisha karatasi nyingi za aina hizo na sijui kuzitofautisha. Mwenye 30 mara nyingi ameokota alama kwenye takwimu na seti, logarithimu na trigonometria hakuzigusa. Tunamzuia tabibu wa miaka thelathini kwa alama moja aliyoikosa akiwa na miaka kumi na saba.

Tena gredi zenyewe hazikushuka na mvua. Februari 2013 yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri, yaani walifeli. Nchi ikatikisika, iliundwa tume, na Mei serikali ikayafuta na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa mwaka wa nyuma. Karatasi zilezile, majibu yaleyale, lakini kuna waliolala na sifuri wakaamka na daraja la nne. TCU wenyewe wana sharti la peke yake kwa waliomaliza kidato cha sita 2014 na 2015, kwa sababu miaka hiyo upangaji wa gredi ulikuwa mwingine, wenye B+. Kipimo kilichobadilishwa hivyo kinatufaa kwa kuchagua mwaka ule wa mtihani. Kumhukumu mtu kwacho maisha yake yote ni jambo jingine.

Wala hili si geni kwetu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka mtu atoke kidato cha sita aende kazini kwanza, kisha ndipo afikiriwe kuingia chuo kikuu, na mwenendo wake kazini uhesabiwe. Lilikuwa na matatizo yake na likalegezwa baada ya miaka michache. Lakini lilikubali kwamba mtu anaweza kuonyesha uwezo wake nje ya chumba cha mtihani.

Mchangiaji (mhadhiri)

Mwalimu, ninakuheshimu, lakini nafundisha mwaka wa kwanza na nina la kusema. NECTA ndiyo mizani pekee inayompima mtoto wa Newala kijijini na wa Masaki, mtaa wa wenye nacho Dar, kwa karatasi moja, siku moja. GPA za stashahada hazina mizani hiyo. Chuo kimoja kinatoa 4 kwa jasho, kingine kinaitoa kwa huruma, na mimi nikiangalia vyeti viwili mezani siwezi kujua kipi ni kipi. Ukiondoa kidato cha nne unanibakiza na hizo GPA.

Na tusisahau Mei 2016. Wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu waliondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kwa mara moja, wengine wakaitwa vilaza hadharani. Wale vijana hawakujidahili. Walegezaji wa sifa ndio waliowafikisha pale, na aibu ikawaangukia watoto.

Mchangiaji (mzazi)

Si arisiti tu, yaani arudie mtihani? Mdogo wangu alirudia Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea, jioni baada ya kazi, akapata C. Sharti linaumiza ila halijafunga mlango.

Mleta mada

Dada mzazi, hongera kwa mdogo wako, na kila anayeniuliza huwa namwambia arisiti, kwa sababu leo hiyo ndiyo njia iliyopo. Lakini anachorudia ni silabasi nzima ya sekondari. Tabibu anahitaji uwiano, asilimia, kukokotoa dozi kwa kilo za mtoto, kusoma takwimu za utafiti. Apimwe hayo, na apimwe kwa ukali. Mimi ningemtaka apate 70, si 30.

Mhadhiri, hoja ya GPA sina ubishi nayo. Umesema kweli, na ndiyo sababu sisemi tuchukue GPA peke yake. Ninasema hivi: uwepo mtihani mmoja wa taifa kwa wenye stashahada wanaotaka shahada, utungwe na kusahihishwa na NECTA hiyohiyo unayoiamini, kwa fani. Atakayefaulu asiulizwe tena kidato cha nne. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mtihani wa watu wazima wa miaka 25 na kuendelea, kwa hiyo wazo tayari tunalo, linahitaji kupanuliwa. Na UDOM ya 2016 inanipa nguvu mimi pia: wale walidahiliwa bila kupimwa upya, kisha wakaondolewa bila kupimwa upya.

Kuna haraka katika hili. Mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, umeanza sekondari, na watoto wake watafika kwenye milango hii kwa vyeti vya ufundi. Sasa nakuuliza wewe uliye ndani: katika darasa lako la mwaka wa kwanza, walioingia kwa stashahada na walioingia kwa kidato cha sita, nani wanaodisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, zaidi? Idara yenu ina kumbukumbu hizo. Zileteni hapa tuzione, na zikinipinga nitaiondoa hoja.