Ukoo wa Machame: madaftari ya Babu kabla ya kikao cha Desemba

Neema (Dar): Shikamooni wakubwa. Baba Mdogo kaniambia madaftari ya Babu yamepatikana, 11, na mawili yamelowa. Tuyafanyeje kabla hatujapanda nyumbani Machame Desemba?

Baba Mdogo: Marahaba. Yapo kwenye sanduku la bati chumba cha nyuma. Haya mawili nayaanika uani sasa hivi, jua lipo.

Shangazi Ndeshi: Usianike! Jua linakula wino, na karatasi ikikaushwa haraka inajikunja. Yasimamishe mezani, kivulini penye upepo, kurasa zimeachana kidogo. Kila baada ya kurasa 10 hivi chomeka karatasi nyeupe tupu, ubadilishe kila saa mbili tatu. Gazeti hapana, wino wake unahamia. Kurasa zilizogandana usizibandue zikiwa mbichi.

Baba Mdogo: Sawa dada. Na ukungu?

Shangazi Ndeshi: Huo mpaka daftari likauke kabisa. Toka nje, funga kitambaa puani, upanguse kwa brashi laini kutoka katikati ya ukurasa kwenda ukingoni. Ukiupangusa ukiwa mbichi unausiliba tu.

Shangazi Ndeshi: Pini zilizoota kutu nyoosha miguu yake kwa ncha ya kisu butu, zitoe, halafu funga kwa uzi mweupe wa pamba kwenye matundu yaleyale. Asitokee mtu na selotepu. Wala mfuko wa nailoni, unatoa jasho. Bahasha ya kaki, moja kwa kila daftari.

Amani (Arusha): Wanaosoma hapa kutoka upande wa kina mama, kama na ninyi mnatafuta karatasi za wazee: kwetu nyumba ya baba hubaki kwa kitinda mimba, kwa hiyo msianze kuulizia kwa mtoto wa kwanza. Mkubwa alishapewa kihamba chake, yaani shamba la ukoo lenye makazi, zamani akahama. Sanduku lipo kwa mdogo.

Neema: Kupiga picha naanza mimi?

Amani: Anza. Jalada kwanza, kisha kila ukurasa hata mtupu, maana ukiruka mtupu baadaye tutadhani kuna uliopotea. Meza karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni, flashi imezimwa. Simu iwe sambamba na ukurasa na rula ionekane pembeni. Jina la faili liwe daftari na ukurasa: D04_uk017. Na USITUME humu kama picha, kikundi kinazibana hadi herufi zinakuwa matope. Tuma kama faili. Nakala tatu: simu, flashi ya USB, na hifadhi ya mtandaoni.

Neema: Nimejaribu mmoja. Hauna mwaka. Unasema hivi:

"Alhamisi 14 Machi. Mvua usiku. Malipo ya pili KNCU sh 86/40. Mangi Mkuu kapita na gari. Ndekirwa mdogo kaja na mamaye saa 3."

Nimeandika kama alivyoandika.

Shangazi Ndeshi: Vizuri. Usimsahihishe Babu yako tahajia. Neno lisilosomeka weka kwenye mabano ya mraba na alama ya kuuliza, maoni yako yakae safu nyingine.

Amani: Mwaka unatoka hapohapo. 14 Machi iliangukia Alhamisi 1929, 1935, 1940, 1946, 1957 na 1963. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ni ya miaka ya 1930, kabla yake kilikuwa chama kingine, KNPA, cha 1925. Kwa hiyo 1929 haiwezekani.

Baba Mdogo: Na Mangi Mkuu, yaani chifu wa Uchagga wote, ni Thomas Marealle, 1952 hadi 1960. Kabla ya hapo kila nchi na mangi wake, Machame, Kibosho, Marangu. Na umangi wenyewe ulifutwa baada ya uhuru.

Amani: Basi 1957. Hakuna mwingine unaobaki.

Neema: 😮 Nilikuwa nimeshaandika 1963 kwa kukisia mwandiko.

Amani: Mwandiko unadanganya, fedha haidanganyi. Ukikuta rupia na sarafu za pesa, pesa 64 kwa rupia, hiyo ni kabla ya 1904. Rupia na heller, 100 kwa rupia, ni kuanzia 1904. Shilingi ni kuanzia 1921. Na majina ya mahali pia: karatasi ya enzi ya Mjerumani itasema Madschame, Moschi, Kiboscho. Usidhani ni mahali pengine. Ukitafuta kwenye kumbukumbu zao, tafuta kwa tahajia hiyo.

Mama Upendo: Hiyo saa 3 ni asubuhi au usiku?

Shangazi Ndeshi: Saa ya Kiswahili, hilo halina shaka. Mvua ilikuwa ya usiku na mgeni ni mama na mtoto, mimi nasema asubuhi. Lakini iandikwe "saa 3" tu. Msije mkaandika 9:00 kisha mwenzenu akaibadilisha tena.

Neema: Na Ndekirwa mdogo ni nani? Kwenye mti wetu wa ukoo nina Ndekirwa watatu.

Shangazi Ndeshi: Hapo ndipo miti mingi inapovunjika. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wasichana vivyo hivyo kwa bibi. Jina linaruka kizazi kimoja linarudi. Ndugu wanne wakizaa kila mmoja mvulana, una Ndekirwa wanne wa rika moja. Jina peke yake si mtu. Andika jina, baba, mama, na kihamba.

Mama Upendo: Na mama asiandikwe "mama Ndekirwa" kama alivyofanya Babu. Ulizeni kwao wapi, ukoo gani. Wanawake ndio wanaopotea kwenye haya madaftari.

Baba Mdogo: Hilo tuulize kikaoni. Mzee wetu wa ng'ambo ya mto anamjua.

Shangazi Ndeshi: Msimuulize "Ndekirwa alikuwa kaka yako?" Atasema ndiyo, na atakuwa sahihi, maana mtoto wa baba mkubwa naye ni kaka. Muulize: tumbo moja? Baba mmoja? Nyumba ya mke wa ngapi? Na muulize asubuhi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikishazunguka mtapata hadithi nzuri bila mpangilio.

Amani: Rekodi: simu kwenye hali ya ndege, juu ya kitambaa, mita moja kutoka kwake. Taja tarehe, mahali na waliopo kabla hajaanza. Aseme Kimachame, asikatizwe atafsiri. Mkimaliza kuketi, tembeeni naye makaburini kihambani. Akisimama kaburini anakumbuka nani alizikwa kabla ya nani, na huo mfuatano unatosha hata bila tarehe.

Neema: Tarehe za kuzaliwa nitoe kanisani?

Shangazi Ndeshi: Ofisi ya usharika, lakini piga simu kabla, wiki ya Krismasi hawana nafasi. Nenda na jina la baba na la mama, na mwaka wa kukisia. Misheni ya Leipzig iliingia Machame 1893, na wengi wa mwanzo walibatizwa wakiwa watu wazima. Tarehe ya ubatizo si ya kuzaliwa! Na ukikuta watu watano wote wamezaliwa 1 Januari, hayo ni makadirio ya karani. Waliooa upande wa Kibosho tafuta parokiani. Daftari la ubatizo la Kikatoliki lina ndoa pembeni ya jina, soma hadi ukingoni.

Baba Mdogo: Mwaka jana kwenye mgao wa nyama waliitana kwa ukubwa wa nyumba, hakuna aliyeandika.

Amani: Mwaka huu mtu mmoja kazi yake iwe hiyo tu. Kalamu na orodha ya walivyoitwa, tulinganishe na mti.

Mama Upendo: Upendo atafanya, hanywi wala hachinji.

Neema: Na mti tuchore wapi?

Amani: Karatasi ya kaki, mita 3, ukutani, kwa penseli. Wino baada ya wazee kupita.

Baba Mdogo: Daftari la pili nimelifungua sasa. Ndani kuna risiti ya kodi imegandana na ukurasa.

Shangazi Ndeshi: Iache hapohapo. Ipige picha ilivyo, kisha nitumie kama faili.