Nyota za leso kwa Krismasi: pembe hazichongoki, na ndani nijaze nini?

BintiBarani (Malindi): Hamjambo wenzangu. Nina cherehani ya kukanyaga na mfuko mzima wa mabaki ya leso na vitenge. Nataka kushona mapambo ya kutundika, nyota na mioyo, niwauzie wageni Desemba hii. Shida ni kwamba nyota nikiigeuza, pembe zinatoka butu kama vidole vya mtoto. Nikijaza vipande vya vitambaa inakuwa nzito, tena ina mabonge. Na leso nyekundu nikiishona pamoja na kitambaa cheupe, haitachuja rangi?

FundiKitundu: Dada, pembe ni kazi ya makasi. Kabla ya kugeuza, kata kila ncha karibu na uzi, kisha kwenye mabonde kati ya pembe na pembe piga makasi kuelekea mshono bila kuugusa. Mshono uwe wa hatua fupi. Ukifika nchani usipinde ghafla, piga hatua moja ya kukatiza, ndipo ushuke upande wa pili. Mwanya wa kugeuzia uache ubavuni paliponyooka. Kusukumia tumia kijiti cha mshakiki, upande usiochongoka.

MamaMaweni: Sufi, mwanangu! Mito yetu ilijazwa nini zamani? Ni nyepesi na haina mabonge. Mbegu zitoe zote. Zima feni na ujifunge kitambaa puani, maana inaruka hadi kwenye sufuria ya jirani. Ila sufi hushika moto upesi sana, kwa hiyo waambie wanunuzi wasitundike karibu na mishumaa. Leso nyekundu iloweke kwenye maji ya chumvi.

Kaskazi_Mwana: Samahani mama, chumvi haizuii rangi ya leso kuchuja. Ifue mpaka maji yatoke meupe. Halafu weka kitambaa cheupe kibichi juu yake, upige pasi. Kikipata doa, rudi kwenye beseni.

MamaMaweni: Haya, wasomi mmeingia. Mimi chumvi naitia.

WaLangoni (Lamu): Tafuta tanga kuukuu la jahazi. Nyota ya tanga haihitaji kujazwa: shona tabaka mbili, upachike ua la leso katikati. Weka sindano namba 16, hiyo nyembamba ya leso itavunjika. Na ua likate kwenye pindo. Maua ya mji, yaani katikati ya leso, mara nyingi ni makubwa, hayaenei kwenye nyota ya kiganja.

Kaskazi_Mwana: Kwani lazima nyota? Mgeni wa kutoka Milano nyota kaziona kwao tangu utotoni. Mshonee samaki, jahazi au dafu, utie kitanzi cha kamba ya katani. Hicho ndicho atakachotaka kwenye mti wake.

BintiBarani: Samaki nimempenda! Sufi nitaipata, na wa kwanza namkata leo kwenye pindo la leso ya buluu. Lakini pale mkia unapoungana na mwili ni pembamba, sufi itapitaje?

FundiKitundu: Isipite. Mwanya uache tumboni, ujaze mwili tu, kisha piga mshono juu kwa juu pale shingoni mwa mkia. Mkia ubaki bapa, upepo uuchezeshe. Jicho tia kifungo, na ukishone kabla hujajaza.