Kompyuta inagoma kuwaka asubuhi: nianze na pawasaplai, SSD au nipige Windows upya?

Stesheneri_Uyole
Wakuu, habari za leo. Kompyuta ya mezani, ile nyembamba ya ofisini, used. Tangu baridi ya Juni ikolee, asubuhi nikibonyeza swichi feni inazunguka sekunde mbili, inazima, inajiwasha tena. Mara tano sita hivi ndipo iingie Windows, na siku nyingine inaishia skrini ya bluu. Ikifika saa nne haina tatizo. Nimeshauriwa vitu vitatu: kupiga Windows upya, kuweka SSD (diski isiyozunguka), kubadili pawasaplai (kasha linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo). Hela inatosha kimoja.

Nondo_Mwanjelwa
Windows iondoe kwenye hesabu. Mashine inayozima sekunde ya pili haijaigusa hata diski, sembuse Windows. Hapo ni umeme, RAM (kumbukumbu ya muda) au mazabodi (bodi kuu).

Na kwa kuwa jua likipanda inatulia, mimi naishuku pawasaplai. Kapasita (vikopo vidogo vinavyohifadhi chaji) zilizochoka zikipoa, upinzani wake wa ndani unapanda, volti zinayumba, mazabodi inakosa ishara kwamba umeme umetulia, inakata. Kila jaribio linazipasha kidogo, ndiyo maana la sita linafaulu.

Pima. Maltimita (kipima umeme) iweke kwenye DC volti 20, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu ichomeke kwa nyuma ya plagi ya mazabodi ikiwa imechomekwa vilevile. Njano isome 11.4 hadi 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47. Fanya alfajiri mashine ikiwa bado ya baridi, mwenzio abonyeze swichi. Maltimita za bei rahisi huchelewa kusoma, kwa hiyo kila jaribio shika waya mmoja tu.

Ile mbinu ya kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi inaonyesha tu kama saplai inaamka. Bila mzigo, hata mbovu huweza kutoa volti 12 safi.

Kihesa_RAM
Sawa mkuu, ila RAM ni bure, ianze hiyo. Chomoa waya wa ukutani, bonyeza swichi sekunde 10 kumaliza chaji iliyobaki, toa RAM, futa meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, pangusa mabaki, rudisha moja moja. Ukungu wa asubuhi ukikutana na vumbi kwenye sloti, RAM haishiki vizuri.

Halafu hiyo bluu inasemaje? Kama ni INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE na saa ya kompyuta imerudi nyuma, angalia betri ya CR2032, ile ya duara kwenye mazabodi. Mpya ni volti 3 na kitu. Chini ya 2.7 itupe. Ikifa, BIOS (programu ya kuwashia mashine) inarudi mipangilio ya kiwandani, namna ya kusoma diski inaweza kugeuka kutoka AHCI kuwa RAID, Windows haiioni tena diski yake. Watu wengi hupiga Windows hapo na mafaili yanapotea bure.

Njombe_Sweta
SSD msiidharau, diski ya kuzunguka iliyozeeka nayo huchelewa kuamka kwenye baridi. Lakini hiyo hukwama kwenye nembo, haizimi mashine. Fungua CrystalDiskInfo (programu ya kukagua afya ya diski), tazama mistari ya 05 na C5, yaani sekta mbovu zilizobadilishwa na zile zinazosubiri. C5 ikizidi sifuri, nakili mafaili kwanza, chkdsk /r (amri ya Windows ya kukagua diski) baadaye. Hiyo amri huikamua diski, na iliyo mahututi inaweza kufia hapo hapo.

Mafinga_Volti
Kuna anayefikiria stabiliza? Inasawazisha volti 230 za ukutani. Kapasita iliyokauka haiponyi.

Stesheneri_Uyole
Nimepima. RAM nimefuta, hali ileile. Betri 3.02, saa iko sahihi, C5 sifuri. Njano asubuhi inafika 10.8 inakata, saa nne inakaa 11.9. Ila plagi ina pini 8 tu, nyekundu na chungwa sijaziona kabisa.

Nondo_Mwanjelwa
Jibu ni hiyo 10.8. Nyekundu na chungwa hutaziona: mashine nyingi nyembamba za Dell na HP hupokea volti 12 tu, zile za 5 na 3.3 zinatengenezwa kwenye mazabodi. Kwa hiyo usinunue saplai ya kawaida ya kompyuta kubwa (ATX) ya pini 24. Hata ukipata waya wa kubadilishia, haitaingia kwenye kasha hilo. Chukua namba iliyo kwenye stika ya saplai, tafuta yenye namba hiyohiyo.

Kihesa_RAM
Kubadili kapasita zenyewe je? Ni nafuu mno.

Nondo_Mwanjelwa
Ni nafuu kwa fundi mwenye mkono. Zinatakiwa za nyuzi joto 105, ESR (upinzani wa ndani) ndogo, µF (uwezo wa kuhifadhi chaji) ileile, volti ileile au zaidi. Lakini kapasita kubwa ya upande wa ukutani hubeba zaidi ya volti 300 na huweza kubaki nazo umeshachomoa waya. Asiyejua kuimaliza chaji asifungue kasha la saplai.

Na ukiletewa used, kumbuka huenda ni ya umri uleule na hiyo yako. Omba uifunge jioni, ilale dukani kwako, uipime alfajiri kabla ya kulipa. Ikisoma mchana tu, hujapima kitu.