Fainali ya Kombe la Shirikisho 2022, Yanga na Coastal Union ya Tanga pale Arusha: ulikuwa wapi? Tupeane uzoefu

Mgosi Mvivu: Wadau, baridi ya leo imenifanya nitoe jaketi la zamani kabatini. Kutia mkono mfukoni, maganda ya karanga. Nikajua papo hapo ni ya lini: Julai 2, 2022, Sheikh Amri Abeid.

Tulitoka Tanga usiku na Kosta, nyimbo mpaka Mombo, kufika Same sauti zimekauka. Watu walituona wehu, maana Yanga msimu ule hakufungwa mechi hata moja ya ligi. Ila sisi tulishamtoa Azam kwa matuta (penalti) nusu fainali, uwanja huohuo, tukajiona wenyeji.

Straika wetu Sopu akafunga mapema. Jirani yangu jukwaani, mtu mzima wa shikamoo kabisa, alinikumbatia mpaka miwani yake ikanasa kwenye nywele zangu. Fei Toto wa Yanga akarudisha, Makambo akawapeleka mbele. Nikakaa. Mwishoni Sopu huyo tena, 2-2. Nyongeza, Sopu, la tatu! Mtu mmoja, fainali, dhidi ya Yanga ile.

Hapo nikaharibu. Nikampigia mama: "Mama, kombe linakuja Tanga." Mama hajui mpira, ila anakumbuka baba alivyokuwa 1988 tulipochukua ligi. Akapiga vigelegele, nasikia majirani kwa nyuma wanauliza nani kajifungua. Vigelegele havijaisha, Nkane wa Yanga kasawazisha. Nikabaki na simu sikioni, mama anaendelea, mimi naangalia wavu. Sikukata, sikusema kitu.

Matuta tumekufa 4-1. Karanga, baadaye ndiyo nikagundua: nilikuwa namenya, maganda natia mfukoni, punje natupa.

Bibi wa Jukwaani: Umeniua na hizo punje 😂😂

Kijani Daima: Pole mgosi. Mimi nakiri leo, nikicheka na wenzangu huwa sisemi. Ilipokuwa 3-2 nilishatoka getini. Nikasikia uwanja umelipuka, nikajua mmeweka la nne, nikaongeza mwendo. Kwamba tumebeba kombe niliambiwa na konda wa daladala, tena alidhani namtania.

Mnyama Mpole: Shabiki wa kuondoka na yeye anajiita Mwananchi. Utopolo ni utopolo.

Kijani Daima: Nyie Simba fainali hiyo mliiangalia wapi? Si tuliwaacha Kirumba nusu fainali, shuti la Fei?

Mnyama Mpole: Na fainali ya Kigoma 2021? Kichwa cha Lwanga wetu umekisahau?

Mzee wa Chenga: Mkianza hivyo na mimi nawaleta Green Warriors waliowatoa Simba kombe hilihili 😁

Mnyama Mpole: Hao wa 2017 wanahusiana nini hapa?? Mada ni 2022. Watu hamsomi kichwa cha habari.

MC Bila Malipo: Ngojeni niwape yangu. Siku ile ilikuwa Jumamosi, nina harusi. Bwana harusi Yanga wa kuzaliwa, ukoo wa bibi harusi wote Tanga. Saa ya kuingia ukumbini imefika, maharusi hawatoki kwenye gari. Nikamtuma mwanakamati, naye hakurudi. Nikaenda mwenyewe: redio iko juu, bwana harusi, dereva, msimamizi na huyo mwanakamati wamebanana ndani, na bibi harusi na shela lake anashika kichwa, ndo Nkane kasawazisha! Basi na mimi nikachuchumaa mlangoni.

Tuta la mwisho lilipoingia, bwana harusi akaruka nje kabla mlango haujafunguka vizuri. Suruali ikabaki na kitasa. Kaingia ukumbini kajifunga koti kiunoni, na mimi ndiye natakiwa nieleze wageni ule ni mtindo gani.

Mama mkwe analia. Analia kwelikweli. Mpiga picha akapiga zote, ziko kwenye albamu mpaka leo, watu wakiziona wanasema jamani uchungu wa mwana. Mwana gani, Coastal!

Bibi wa Jukwaani: Uzi umefungwa rasmi, MC kaondoka na kombe.

Mzee wa Chenga: Ndoa bado ipo?

MC Bila Malipo: Ipo, watoto wawili. Wa kwanza wanagombania jezi.

Kijani Daima: Ushauri wangu, matuta usiyatazame. Geukia ukuta.

Mgosi Mvivu: Nusu fainali niligeuka tukamtoa Azam. Fainali nikageuka mawili ya kwanza, tukafa. Ukuta hauna msaada.

Dada wa Raskazone: Kama ungegeuka yote je? Ndo nyie mnaotuponza. Na ukiongoza usimpigie mtu yeyote mpaka filimbi, hata mama.

Mzee wa Chenga: Piga, ila usiseme matokeo. Uliza tu wamekula nini.

Mnyama Mpole: Tatizo ni kwamba mlimtegemea Sopu peke yake.

Dada wa Raskazone: Kwa hiyo akifunga matatu kosa lake? Nenda Msimbazi kalale.

Bibi wa Jukwaani: Mgosi hujatumalizia. Mama alijua lini?

Mgosi Mvivu: Usiku uleule, jirani wa Yanga alipita na vuvuzela dirishani kwake. Niliporudi hakunigusia mpira kabisa, akaniwekea chakula tu. Kimya mpaka Sopu alipohamia Azam, ndo akanipigia yeye: "Yule kijana wako, kumbe wameshamchukua?"