JzU yetu (jumuiya ya ujifunzaji ya walimu) imegeuka kikao cha kusaini daftari. Nyie mnafanyaje?

mwalimu_wa_zamu: Wakuu, habari za kazi. JzU yetu ya Kiswahili ni kila Alhamisi saa nane na nusu, walimu wanne. Tangu tuanze haya mambo ya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) tunasaini mahudhurio, mmoja anasoma moduli kwa sauti, mwingine anasinzia, tunatawanyika. Juzi nimeleta madaftari ya Kidato cha Kwanza: nusu ya darasa wameandika "kiboko kikubwa kilitoka majini". Mkuu wa idara akasema, "Wape zoezi lingine." Ajenda ikafungwa!

bibi_sarufi: Pole mwalimu. Wekeni moduli pembeni siku moja, hicho kiboko kinatosha. Mnyama ni ngeli ya A-WA: "kiboko mkubwa alitoka". Cha kuchapia ni ngeli ya KI-VI: "kiboko kikubwa kilivunjika". Andaeni somo pamoja, mmoja afundishe, watatu wakae nyuma wakiwatazama wanafunzi, siyo mwalimu.

chaki_mbili: Ukae nyuma na kalamu? Kwetu watadhani umetumwa na mdhibiti ubora. Anza wewe kufundisha, wao wakutazame.

mwalimu_wa_zamu: Mrejesho. Nimefundisha mimi, jasho lilinitoka. Binti mmoja wa nyuma akamnong'oneza mwenzake, "Kwani kijana naye ni kitu?" Mimi sikusikia, aliyesikia ni yule mwenzetu msinziaji. Alhamisi tumebishana kijana, kipofu na kifaru hadi saa kumi na moja. Daftari la mahudhurio tumelisahau.

chaki_mbili: Lisainini kesho, hahaha.