Mkufu na hereni za Trifari kutoka mtumbani: ni za zamani kweli?

BintiTandika: Wapenzi wa mapambo, habari zenu. Nimeokota mkufu na hereni zake pale soko la Karume, kwenye meza ya mikanda na mikoba. Nyuma kumegongwa TRIFARI, ile kampuni ya mapambo ya Marekani, juu ya T kuna kitaji, pembeni alama ya hakimiliki, ©. Rangi bado inang'aa ila mawe yamefubaa kwa uchafu. Hereni ni za kubana, zinauma balaa. Ni za zamani kweli? Nisugue kwa dawa ya meno? Nataka kuzivaa harusini Jumamosi.

BwanaHesabu: Dada, hiyo si dhahabu. Bora ungedunduliza ukanunua hata kipete cha kweli, siku ukikwama unakiweka rehani.

ShangaziProvidence: Mdogo wangu, weka chini hiyo dawa ya meno! Itakwangua rangi ya kuchovya. Maji nayo usimwagie. Mawe hayo ni vioo, na mengi yana utando wa fedha mgongoni. Ndio unaoyapa mng'aro. Maji yakipenya utando unababuka, jiwe linakuwa jeusi na halirudi tena. Tumia mswaki laini wa mtoto, mkavu, basi.

Umri unausoma kwenye ile ©. Mwaka 1955 Trifari waliishinda mahakamani kampuni ya Charel iliyokuwa imewaigia miundo, ndipo Trifari wakaanza kuigonga alama hiyo. Kwa hiyo chako si cha kabla ya hapo. Ungekikuta hakina, ningekuuliza unauza bei gani.

BwanaHesabu, nani kasema ni dhahabu? Mbunifu wao mkuu tangu 1930, Alfred Philippe, alikuwa amebuni vito vya masonara wakubwa, Cartier na Van Cleef & Arpels, akauhamishia ufundi uleule kwenye vioo. Mwaka 1953 Mamie Eisenhower alivaa lulu za bandia za Trifari kwenye dansi ya kuapishwa mumewe, mke wa rais mzima! Mji huu ninaoishi, Providence, ulikuwa kitovu cha viwanda vya mapambo haya Marekani. Bibi akifariki, wajukuu wanauza kasha zima uani. Sishangai kipande kufika Karume ndani ya belo.

Hereni usizipinde kwa koleo, bawaba itakatika. Kuna vipedi vya mpira vya kuvisha kwenye kibanio. Na siku yenyewe jifukize udi, jipake marashi, vito vije mwisho kabisa.

BwanaHesabu: Na hizo lulu za mama Eisenhower, rehani wangezipokea?

ShangaziProvidence: Wewe kaa na kipete chako.

BintiTandika: 😂 Asante shangazi. Mawe ni ya bluu, gauni la kijani, lesi hadi shingoni. Itafaa?

ShangaziProvidence: Rangi sina ugomvi nazo. Lesi ndiyo shida: mkufu mfupi utanasa nyuzi, na kwa mbali hauonekani. Mpelekee fundi ashushe shingo. Akikataa, vaa hereni peke yake na mkufu uuzungushe mkononi mara mbili, ufunge vizuri.