HILO NI SHIMO?! Kisima cha marehemu baba leo kimeitwa SHIMO mbele ya kata nzima

bintiwadunda
Wakuu za jioni, mie siyo salama. Nimetoka kikaoni sasa hivi hata kanga ya pili sijavua, mikono inatetemeka kama nimekunywa birika zima la kahawa, nikikosea kuandika msinicheke.

Si tuliitwa leo kutoa maoni ya ile rasimu ya sheria ndogo za visima. Bajaji yenye spika imepita tangu juzi, "wananchi nyote mnaombwa kufika, maoni yenu ni muhimu". Mie mjinga nikaacha maandazi kwenye beseni nikaenda. Na yeye akaja. Simtaji. Mnamjua, Bagamoyo nzima inamjua, yule wa reflekta na kofia la pama, kalamu 3 mfukoni na hajawahi kuonekana anaandika, tumbo linafika ofisini saa 2 yeye mwenyewe saa 4.

Rasimu ikasomwa mbio mbio kama dalali wa samaki pale mnadani. Kisima kiwe mita 30 kutoka chooni, kiwe na mfuniko, kisajiliwe, elfu 20 kila mwaka, haya maoni. Nikanyoosha mkono, kwa adabu zote nilizofunzwa. Nikasema mheshimiwa, sisi kisima chetu alichimba marehemu baba 1978, mwaka ule vita ya Kagera inaanza, kwa sururu na ndoo, akakijengea kwa mawe ya matumbawe, mpaka leo bomba likikauka watu wanapanga madumu kwangu tangu alfajiri na nyie wenyewe wa ofisini mnaleta madumu, sasa sisi tuliokuwepo kabla ya hiyo sheria tunafanywaje?

Akanitazama. Akavua miwani. Akasema, "Mama kaa chini. Hicho chako sio kisima, hilo ni shimo."

SHIMO.

Watu wakacheka. Mwenyekiti wangu wa kitongoji, ambaye kila Ramadhani anafuturu kwa maji yale yale, kacheka mpaka kofia imedondoka. Shimo! Kwani baba yangu alikuwa panya?

Sasa ngojeni. Kikao kimekwisha likaja pilau, kijana akaleta maji ya kunawa kwenye ndoo na kata. Ile ndoo naijua, ina kiraka cha lami kitakoni, NI YETU, wameitoa kwangu asubuhi. Yakaletwa mbele yake. Akanawa. Akajaza kata akasukutua. AKAMEZA.

Yaani mtu unaita shimo halafu unalimeza. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, ila huyu kamtukana mkunga huku bado yuko kitandani. Nimeshindwa hata kula, nimefunga pilau langu kwenye mfuko.

---

kijogoo_magomeni
Nimekaa pale 😂😂 dada alimeza kweli au alitema ukaona vibaya?

---

bintiwadunda
Alimeza. Koo lilipanda likashuka, nimeliona. Shimo limeteremka mzima mzima.

---

kibaochambuzi
Pole sana shangazi. Swali dogo tu, mbona hujatuambia choo chako kiko hatua ngapi kutoka hapo kisimani?

---

bintiwadunda
Nani kakuuliza choo? Mada ni SHIMO. Mtu mzima nimesimama na kitenge changu cha Idi naambiwa kaa chini hilo ni shimo, wewe unaniletea choo?

---

kibaochambuzi
Hatua ngapi

---

bintiwadunda
11. Ila hatua zangu fupi.

---

kijogoo_magomeni
🤣🤣🤣 uzi umeisha huu, mwenye reflekta kashinda

---

mzeewakiromo
Msimcheke huyo binti. Hiyo mita 30 imeandikwa na mtu anayekaa kwenye heka. Mimi kiwanja changu ni 20 kwa 20. Nikiweka choo pembe hii kabisa kwenye ua, na kisima pembe ile kabisa kwenye ua, nikavuta futikamba mshazari kupita juu ya kitanda changu, napata mita 28 na ushee. Sasa hizo mbili za juu nikachimbe kwa jirani? Na jirani naye choo chake si kiko mgongoni kwangu. Hiyo mita 30 yenyewe sio mbaya, wataalamu wa maji ndio wanaitaja siku zote, ila hapa mjini mtu wa kuitimiza labda marehemu walioko makaburini, ndio wana nafasi.

---

wakili_wa_baraza
Tulizeni munkari kwanza. Rasimu ni rasimu. Sheria ndogo ya halmashauri ya wilaya inatungwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, lazima wananchi watangaziwe na wapewe nafasi ya kutoa maoni au pingamizi, madiwani wapitishe, halafu iende kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aridhie, ndipo itoke kwenye Gazeti la Serikali. Kabla ya hapo mtu akija kwako kudai hiyo elfu 20 mwambie akuonyeshe tangazo la gazeti. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 haikudai kibali cha kutumia maji kwa kisima cha kuchimba kwa mkono cha matumizi ya nyumbani. Vibali vinatolewa na bodi ya maji ya bonde la mto, sisi huku tuko bonde la Wami/Ruvu. Ila kibali cha bonde ni kitu kimoja na masharti ya afya ya halmashauri ni kitu kingine, hapo ndipo watu wengi mnachanganya. Andika pingamizi lako kwa maandishi dada, peleka, gongesha muhuri kwenye nakala yako.

---

bintiwadunda
Asante wakili, ila nijibu moja, hiyo sheria ya 1982 inamruhusu mtu aje kuchukua maoni halafu mtoa maoni aambiwe kaa chini hilo ni shimo? Kifungu cha ngapi?

---

wakili_wa_baraza
Hakuna kifungu cha shimo.

---

kijogoo_magomeni
Halafu kaombwa maji ya kunawa hapo hapo bila kibali cha bonde 😂

---

jahazi_bovu
Kama shida ni usajili basi waanzie Kaole. Kile kisima cha pale magofuni pembeni ya msikiti, wa karne ya 13 ule, watu wanatoka mbali kuja kunawa uso wapate baraka. Waende na futikamba wawaulize wale mabwana kibali kiko wapi na kwa nini hawakuweka mfuniko.

---

fundikalvati
Mimi nachimba visima toka Mapinga mpaka Kaole, ngojeni niseme kitu mtanitukana baadaye. Pwani hii maji baridi yamekaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Anayechota na ndoo na kapi hata akichota kutwa hamfanyi kitu chini kule. Anayeua ni mwenye pampu. Ukivuta mpaka maji ya juu yakashuka mita 1 na ukaendelea hivyo, chumvi kutoka chini inaweza kupanda mpaka kama mita 40, sio stori za kijiweni hiyo ni hesabu ya uzito, maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko yetu. Sasa nimeisoma rasimu mara mbili. Mfuniko upo, choo kipo, elfu 20 ipo. Pampu ya ukubwa gani ivute saa ngapi, hakuna hata mstari. Wamemkamata mwenye ndoo.
Na shangazi pia, hatua 11 kwenye mchanga wetu huu ni karibu mno, masika choo kikijaa yanatembea yale. Sisemi ni shimo. Nasema chemsha.

---

bintiwadunda
Tangu 1978 tunakunywa na tumezaliwa 9 hapo hapo tukiwa wazima. Chemsha wewe.

---

mamantilie_wa_stendi
Afadhali fundi umesema pampu. Hawa wa mahoteli wanavuta usiku kucha pampu inaunguruma kama basi la Lugoba, asubuhi kisima changu nikipika chai siweki chumvi kwenye chapati, unga unajiunga wenyewe. Mbona huyo wa reflekta kule haendi na miwani yake?

---

dumu_tupu
Nyie wenye visima mnalia nini, njooni kwetu wenye bomba! Mita yangu inasoma HEWA. Maji yanakatika siku 4, yakitaka kurudi inatangulia hewa fyuuuu dakika kumi nzima, mshale unazunguka kama feni, mwisho wa mwezi nalipia upepo. Nimeenda kulalamika naambiwa mama funga koki. Sasa nikifunga nitajuaje yamerudi?

---

kijogoo_magomeni
Wewe umeuziwa upepo yeye kaambiwa shimo, bado moto na udongo tu tukamilishe

---

mamantilie_wa_stendi
@dumu_tupu hiyo hewa hata mimi! Mwezi uliopita nimelipa kuliko mwenye kuosha magari. Koki yangu iko nyuma ya nyumba, nalala nimeikumbatia.

---

bintiwadunda
Jamani turudi kwenye mada. Mtu kasema SHIMO. Halafu kasukutua. Nani mwingine alikuwepo aseme, nisionekane nasingizia.

---

karafuu_kavu
Mimi nilikuwepo dada nilikaa safu ya nyuma karibu na mlango. Ni kweli alisema shimo. Ila kilichoniuma mimi ni pilau. Lile ni pilau au wali uliofiwa? Nyama moja sahani nzima, na hiyo moja mfupa. Na kule mbele wao wana kachumbari, ndizi, soda baridi. Sisi watoa maoni maji ya kunywa tu.

---

fundikalvati
Maji ya shimo 😂

---

mtu_wa_chumbageni
Nipo Tanga huku nawasoma tu nacheka. Hivi Bagamoyo nanyi mnajua pilau? Nilialikwa harusi huko, nimepewa wali wa kahawia naambiwa eti pilau. Njooni Ngamiani muonje halafu ndo mfungue uzi.

---

karafuu_kavu
Wewe wa Tanga kaa na machungwa yako. Huko kwenu pilau mnaweka viazi vingi kuliko mchele, mtu unakula unahisi unalima.

---

mtu_wa_chumbageni
Viazi ndio heshima ya mgeni. Nyie mgeni mnampa mfupa na sheria ndogo.

---

mzeewakiromo
Hapo kasema kweli wa Tanga.

---

jahazi_bovu
Mzee umehama timu mchana kweupe!

---

mamantilie_wa_stendi
Pilau la kuvunda kikaoni nalijua mpishi wake na mimi nilipeleka bei yangu nikakataliwa, wakampa shemeji wa mtu. Nitafungua uzi wangu kesho asubuhi nimwage yote.

---

kijogoo_magomeni
Fungua leo tusilale njaa

---

dumu_tupu
Halafu kuna mtu anajua fundi wa kuweka kile kidude cha kutoa hewa kabla ya mita? Aje PM

---

fundikalvati
Mimi naweka. Kalvati pia ninazo, zile pete za zege za kujengea kisima, za futi 3 na futi 4, na mifuniko ya zege yenye mlango wa chuma na kufuli. Masika ikikaribia bei inapanda, msiseme sikusema.

---

bintiwadunda
Fundi mfuniko wa futi 4 bei gani? Namuulizia jirani.

---

fundikalvati
Wa kisima au wa shimo?